Maswali yanayoulizwa sana kuhusu programu za matayarisho ya uanagenzi Marekani: nani anazipa ithibati, kwa viwango gani

Haya ni yale maswali yanayokuja kila wiki, mengine kwa voisi ya WhatsApp ya dakika saba, kutoka kwa watu wetu walioko Kent, Columbus, Louisville, Houston na Portland zote mbili, ya Oregon na ya Maine. Wengine ni vijana wanaotaka kuingia kwenye ufundi, wengine ni viongozi wa jamii na wachungaji wanaotaka kufungua darasa na wamesikia lazima wapate ithibati, na siku hizi kuna hata wachache walioitwa kukaa kwenye kamati za kupanga viwango vyenyewe. Nimewachanganya wote humu humu maana majibu yanaingiliana.

Matayarisho ya uanagenzi ni kitu gani hasa? Si ndo uanagenzi wenyewe?

Hapana. Uanagenzi uliosajiliwa ni ajira. Unaajiriwa, unalipwa tangu siku ya kwanza, uko saiti chini ya fundi kamili, jioni au siku fulani unakaa darasani, na mshahara unapanda kwa ngazi mpaka unahitimu. Kwa umeme na bomba mara nyingi ni miaka minne mpaka mitano. Kanuni za serikali kuu zinataka programu zinazohesabu muda ziwe na angalau saa 2,000 za kazi, na zinapendekeza saa 144 za darasani kila mwaka.

Matayarisho yanakuja kabla ya hapo. Ni wiki kadhaa za kukufikisha kwenye vigezo vya kuingilia, yaani hesabu, usalama, majina ya vifaa, namna ya kujibu intavyu, wakati mwingine na leseni ya udereva. Si ajira na mshahara haupo, ingawa zipo programu zinazotoa posho. Mtu akikuambia "njoo kwenye uanagenzi wetu, lipia kwanza" ujue hapo tayari kuna kitu hakijakaa sawa.

Nani ana mamlaka ya kusema programu hii ina kiwango?

Hapa ndo penye vurugu. Uanagenzi una sheria yake tangu 1937, ile inayoitwa Fitzgerald Act, na kanuni zinazosema wazi programu ikiwaje ndo inasajiliwa. Matayarisho hayakuwekewa usajili wa namna hiyo. Wizara ya Kazi ilitoa waraka mwaka 2012 ikieleza programu bora ya matayarisho inatakiwa iwe na nini, ila waraka ni mwongozo tu, ukiukaidi hakuna anayekuja kukufungia. Kanuni za usawa za 2016 ziliongeza tafsiri, kwamba programu ya matayarisho iwe na angalau ushirikiano mmoja ulioandikwa na programu ya uanagenzi uliosajiliwa. Sheria ya mafunzo na ajira ya 2014, ile WIOA, nayo inaitambua kama mojawapo ya huduma ambazo vijana wanaweza kulipiwa.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada Februari 2021 ambao ungeweka viwango vya matayarisho kwenye sheria yenyewe, ukaishia mlangoni kwa Seneti. 2024 Wizara ikaja na pendekezo kubwa la kuandika upya kanuni za uanagenzi, nalo likaondolewa mwaka huohuo. Kwa hiyo kazi ya kuthibitisha imebaki mikononi mwa steti, na kila moja imepika kivyake.

Steti zinafanyaje sasa?

Karibu nusu ya steti zina wakala wao wa uanagenzi, zilizobaki zinasimamiwa na ofisi ya serikali kuu moja kwa moja. Zenye wakala wake ndo mara nyingi zina utaratibu wa kutambua matayarisho. Washington wana baraza la uanagenzi ambalo programu inapeleka maombi yake kwao, wanayapitia, wanaitambua au wanairudisha. Oregon vilevile baraza la steti ndo linapitisha. Wisconsin, ambao ndo walikuwa wa kwanza nchi nzima kuwa na sheria ya uanagenzi mwaka 1911, wanatoa ithibati kupitia ofisi yao ya viwango vya uanagenzi. Illinois njia yao ni hela, sheria yao ya 2019 inatoa ruzuku kwa vyama vya kijamii vinavyoendesha matayarisho ya ujenzi, na ukichukua ruzuku unakubali masharti.

Usidhani wanafanya haya kwa huruma. Washington, miradi mikubwa ya umma inadaiwa asilimia 15 ya saa za kazi zifanywe na wanagenzi. Illinois, mradi wenye fedha za steti za kuanzia dola 500,000 unawekewa lengo la asilimia 10. Ukishaweka sharti hilo lazima watu wa kujaza hizo saa wapatikane, na mkandarasi hataki kuletewa mtu anayeogopa ngazi. Ndo maana ithibati ina wenyewe wanaoitaka.

Huo waraka wa 2012 unasema nini?

Unataja mambo sita na sitayapanga yote kama ya mtihani. La mtaala uliokubaliwa na wenye uanagenzi, hilo kila programu inasema inalo. La mazoezi ya mikono yasiyomnyang'anya mfanyakazi wa kulipwa nafasi yake, nalifikia chini. Kuna la kuwavuta watu wa makundi ambayo kwa kawaida hayafiki huko, kuna la kuwapatia huduma za msaada, kuna la kuutangaza uanagenzi kwa waajiri, na la mwisho, ambalo kwangu ndo roho ya yote, ni njia iliyorahisishwa ya kuingia kwenye uanagenzi ukishamaliza.

La huduma za msaada watu wanalichukulia poa. Nauli, kulea mtoto, buti za chuma, helmeti, gari bovu. Ukikaa na mtu aliyeacha darasa wiki ya tatu ukamuuliza kwa nini, ni nadra akutajie hesabu, atakwambia zamu ya ghala ilibadilishwa au aliyekuwa anamwachia mtoto alihama. Programu yenye mtaala mzuri na haina hata mtu mmoja wa kushughulikia mambo hayo itapoteza nusu ya darasa halafu itaandika kwenye ripoti kwamba washiriki "hawakuwa na ari".

Nitajuaje kama makubaliano yao na uanagenzi ni ya kweli?

Omba kuyaona. Kweli, omba, si siri ya nchi. Kuna aina mbili za karatasi. Ya kwanza ni barua ya kuunga mkono, inasema kitu kama "tunaifahamu programu hii na tunawakaribisha wahitimu wake kutuma maombi". Hiyo haina kitu ndani. Hata mtu aliyetoka kulala anakaribishwa kutuma maombi.

Ya pili inasema mhitimu atafanyiwa nini. Kwa mfano, atahesabiwa amekidhi vigezo vya chini, au atapewa pointi za ziada kwenye orodha, au ataitwa intavyu bila kusubiri dirisha la maombi lifunguliwe, au ataingia moja kwa moja nafasi ikipatikana. Inataja uanagenzi kwa jina, fani gani, imesainiwa na nani, mpaka lini.

Halafu kuna swali moja ambalo watu wengi hawalijui, na ndo linalomaliza ubishi: je, programu hii ya matayarisho imeandikwa kwenye taratibu za uteuzi za uanagenzi wenyewe? Uanagenzi uliosajiliwa unachagua watu kwa utaratibu ulioandikishwa serikalini, hauwezi tu kumrusha mtu juu ya foleni kwa sababu mwalimu wake ni rafiki wa meneja. Kama njia ya mkato haimo kwenye taratibu hizo basi hata mkurugenzi akikuahidi kwa kiapo, siku ya siku utapanga foleni kama wengine. Mwenye programu akiulizwa hili akaanza kuzungumzia sherehe ya kuhitimu na chakula, chukua begi lako taratibu.

Mtaala gani unakubalika?

Kwa ujenzi, unaojulikana zaidi ni MC3, mtaala wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ujenzi Amerika Kaskazini, NABTU. Ni saa 120 na haukufanyi fundi wa kitu chochote, unakuonjesha fani zote. Kuna kuijua sekta, vifaa na zana, afya na usalama pamoja na kadi ya saa 10 ya OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, na huduma ya kwanza, kusoma ramani, hesabu za ujenzi, historia ya wafanyakazi Marekani, na mambo ya fedha zako binafsi. California wameushikilia sana huu kwenye ruzuku zao za ujenzi. Kuutumia lazima uwe na uhusiano na baraza la yunioni za ujenzi la eneo lako, huwezi kuudownload ukafundisha kanisani Jumamosi. Zipo programu nzuri zisizo za yunioni zinazotumia mitaala mingine, hiyo si dhambi, ila uliza ule uanagenzi unaoutaka wewe unautambua upi.

Kwenye hesabu niseme kitu. Watu wetu inchi tunazijua, tofali la inchi sita, chumba futi kumi kwa kumi, hayo tumekua nayo. Kinachotuangusha ni vipande vya inchi. Tepu ya huku imegawanywa mpaka 1/16, na mwalimu anakuambia toa 3/8 kwenye 11/16 hapo hapo umesimama, bila simu. Jibu ni 5/16, ila mtu aliyejenga nyumba nzima Kigoma au Bukavu anaduwaa pale na kuonekana hajui kazi, wakati kinachomsumbua ni sehemu za darasa la tano alizosoma kwa lugha nyingine. Kiwango kizuri kinatakiwa kumpa mtu huyu muda kwenye tepu kabla ya kumpima, na kwa umeme kazi ni kubwa zaidi maana mtihani wa kuingia uanagenzi wa yunioni ya umeme ni aljebra na kusoma kwa ufahamu.

Wanatupeleka kufanya kazi kwenye nyumba za watu bila malipo wanasema ni mazoezi. Ni sawa?

Inategemea nani anafaidika. Kujenga ukuta kwenye karakana, kuubomoa, kuujenga tena, hayo ni mazoezi. Kupiga rangi kwenye apatimenti za mtu anayepangisha, siku nzima, wiki mbili, bila mwalimu, hiyo ni kazi na kazi inalipwa. Waraka wa 2012 wenyewe unasema mazoezi yasichukue nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa.

Na kwenye miradi ya fedha za serikali kuu kuna Davis-Bacon, sheria ya 1931 inayotaka fundi alipwe kiwango kilichowekwa kwa eneo lile. Pale mkandarasi anaruhusiwa kumlipa mtu chini ya kiwango cha fundi kamili ikiwa mtu huyo ni mwanagenzi aliyesajiliwa. Mtu wa matayarisho hajasajiliwa. Akishika nyundo akafanya kazi ya seremala kwenye saiti kama hiyo anatakiwa kulipwa kiwango kizima cha seremala. Wakandarasi wanalijua hili vizuri sana, ndo maana wengi hawataki kabisa kuona darasa la matayarisho likigusa kitu saiti zaidi ya kutembezwa na kuangalia.

Sisi ni chama cha jamii, tunataka kuanzisha programu yetu na kuipatia ithibati. Tuanze wapi?

Msianze na jina, nembo na fulana. Mwanzo wenu ni kwenye uanagenzi. Chagueni mmoja au miwili iliyoko umbali ambao watu wenu wanaweza kufika kwa basi, nendeni mkaongee na mratibu wa mafunzo, muulize nafasi ngapi wanachukua kwa mwaka, dirisha linafunguka mwezi gani, watu wanaanguka wapi, kwenye mtihani, intavyu, kipimo cha madawa, au wanaacha baada ya miezi mitatu ya baridi. Majibu hayo ndo mtaala wenu. Nyingi hazifungui maombi mwaka mzima, na darasa likiisha Juni wakati dirisha linafunguliwa Januari mmezalisha watu wenye cheti ambao watarudi ghalani na kuwasahau.

Baada ya hapo ndo mnaenda ofisi ya uanagenzi ya steti kuchukua fomu. Mtaulizwa mnafundisha nini na saa ngapi, nani anafundisha na ana uzoefu gani, mnamchukuaje mshiriki, mnamsaidiaje, makubaliano yenu yako wapi, na takwimu zenu mnazitunzaje. Hilo la mwisho ndo linalotushinda, tuseme ukweli. Tunajua kukusanya watu mia mbili kwenye arusi ila daftari la mahudhurio la wiki ya nne limepotea. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja na alipwe.

Na kama uwezo ni mdogo, hakuna aibu kuwa mkono wa programu iliyokwisha kupata ithibati. Ninyi mnatafuta watu, mnatoa ukalimani, mnalea watoto, wao wanafundisha. Kwa jamii nyingi zetu hiyo ndo njia yenye akili kuliko kusajili shirika jingine lenye mwenyekiti, makamu na katibu halafu hakuna darasa.

Nimealikwa kwenye kamati ya kupanga viwango. Nisimamie nini?

Hongera, na usikae kimya huko. Utakuta pande mbili zinavutana. Wa yunioni na wakandarasi wanataka viwango viwe vikali maana wamechoka kuletewa watu wasio tayari. Mashirika yanataka viwe vyepesi maana kila sharti ni gharama. Wote wana hoja. Vikiwa vyepesi mno kila mwenye projekta anatoa cheti, vikiwa vizito mno wanabaki vyuo vikubwa peke yao na mtu wa kwetu hafiki huko.

Mimi ningesimama kwenye mambo matatu. Moja, saa za mafunzo ziwekwe, ratiba isiwekwe. Saa 120 kwa mtu anayesoma saa 40 kwa wiki ni wiki tatu, kwa mama anayefanya zamu kwenye kiwanda cha nyama na anaweza jioni nne za saa tatu tatu, ni wiki kumi. Elimu ni ileile. Kiwango kikiandika "masomo ya mchana, muda wote" umeshamfungia nje bila hata kutaja jina lake.

Pili, ufaulu wa programu uhesabiwe kuanzia walioandikishwa. Programu iliyoandikisha watu 40, wakamaliza 15, wakaingia uanagenzi 12, inaweza kutangaza asilimia 80, na si uongo, ila ukigawa kwa 40 ni asilimia 30. Hapo hapo uwe macho na upande wa pili, ukiwabana kwa asilimia tu wataanza kuchagua wale ambao wangeingia hata bila wao, mwenye gari, mwenye Kiingereza safi, aliyemaliza shule hapa. Kwa hiyo kiwango kiangalie pia programu inapokea watu wa aina gani, na baada ya mwaka mmoja wangapi bado wako kwenye uanagenzi.

Tatu, cheti cha sekondari. Uanagenzi mwingi unadai diploma ya sekondari au GED, mtihani unaochukua nafasi ya diploma hiyo. Mtu aliyekimbia vita Kivu na kukaa Nyarugusu miaka kumi hana karatasi hiyo na shule aliyosoma huenda haipo. Programu isimkatae mlangoni, imchukue na kumwandaa kwa GED sambamba, au uanagenzi ukubali kipimo mbadala. Hili lisipoandikwa kwenye kiwango litaachwa kwa hisani ya mtu wa mapokezi.

Nina cheti cha VETA (ufundi, Tanzania) / trade test ya Kenya / Diplôme d'État ya Congo. Kinatambulika?

Kama leseni ya kufanya kazi, hapana. Kama ushahidi, ndiyo, na ushahidi una thamani. Kanuni za uanagenzi zinasema programu iwe na utaratibu wa kumpa mtu sifa kwa ujuzi na uzoefu alionao tayari, kwa waombaji wote sawa, na mshahara wake uendane na ngazi anayowekwa. Maana yake fundi wa miaka kumi anaweza asianzie ngazi ya chini kabisa, ila lazima aombe na athibitishe, haitokei yenyewe. Watu wengi wanaanza mwaka wa kwanza wakiwa mafundi kamili kwa sababu hawakuambiwa kwamba kuna fomu.

Diplôme d'État au cheti cha kidato cha nne mpe mtu wa kutathmini vyeti vya nje pamoja na tafsiri, mara nyingi kinasaidia upande wa sharti la sekondari. Cheti cha VETA, hata kile cha urasimishaji ujuzi ambacho fundi wa mtaani anapimwa na kupewa bila kukaa chuoni, au Grade ya NITA, wanaopima mafundi kule Kenya, kiambatanishe na barua za waliokuajiri na picha za kazi zako. Fundi umeme atapimwa upya kwa kila hali, kule ni volti 230, huku soketi za kawaida ni 120, nyaya zina rangi nyingine na kitabu cha kanuni ni kingine, kwa hiyo usinune.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nisubiri kwanza?

Usisubiri, ila usijidanganye pia. Kwenye saiti mtu akipiga kelele "kaa mbali" lazima uelewe kabla hajamaliza sentensi. Tafuta programu inayofundisha Kiingereza cha kazini ndani ya mafunzo yenyewe, majina ya zana, maneno ya usalama, namna ya kuuliza fundi arudie bila kuona haya. Kiwango kinachodai alama fulani ya mtihani wa lugha kabla ya kuandikishwa, naona ni uvivu.

Wanawake wanachukuliwa kweli au ni maneno?

Wanachukuliwa, na baadhi ya programu zenye sifa nzuri kuliko zote zilianzishwa kwa ajili yao. ANEW kule eneo la Seattle ipo tangu 1980, Oregon Tradeswomen tangu 1989. Mambo waliyoyaanza wao, kama kumwandaa mtu kwa matusi ya saiti na kumfuatilia baada ya kuajiriwa, leo ndo yanaandikwa kwenye viwango vya wengine. Dada au mama anayeuliza, aulize pia vifaa vya usalama vya saizi yake vipo, maana glovu kubwa ni ajali.

Nalipia shilingi ngapi, yaani dola ngapi?

Programu nyingi zenye ithibati ni bure kwa mshiriki, zinabebwa na ruzuku, WIOA, au wakandarasi wenyewe. Nenda American Job Center, yaani kituo cha ajira cha umma, iliyo karibu nawe uulize. Ada peke yake haimaanishi utapeli, vyuo vya jamii vina ada zao, ila mtu anayedai maelfu na hana makubaliano na uanagenzi wowote, hapo hela yako inanunua karatasi.

Kipimo cha madawa na leseni ni lazima?

Kwenye ujenzi kipimo bado ni cha kawaida sana, na bangi kuwa halali kwenye steti yako hakukusaidii mkandarasi akisema hapana. Leseni ya udereva nayo, saiti inaanza saa kumi na mbili au saa moja asubuhi na leo iko hapa mwezi ujao iko kaunti nyingine. Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi kwa hadhi yake, I-94 yako, ile rekodi ya kuingia nchini, itunze, usimpe mtu ile ya asili akae nayo.

Nikihamia steti nyingine cheti kinaenda na mimi?

Nusu nusu. Kadi ya OSHA inakwenda popote, MC3 inajulikana kwa yunioni za ujenzi nchi nzima, cheti cha huduma ya kwanza kinakwenda mpaka muda wake uishe. Ithibati ya steti na ile njia ya mkato ya kuingia haviendi, kwa sababu vimefungwa kwenye makubaliano na uanagenzi wa eneo lile. Kama unajua unahama, omba kwanza hukohuko ulikosomea, uingie uanagenzi, halafu uliza yunioni yako au sponsa, yaani mwenye programu ya uanagenzi, kuhusu kuhamisha, mwanagenzi aliyekwisha kusajiliwa anahamishika kirahisi kuliko mhitimu wa matayarisho mwenye bahasha mkononi.